Pampu Inapozunguka Kinyume

Mama Pacha hakuhitaji saa ukutani. Mota ya pampu ikianza kuunguruma asubuhi, alijua ni saa kumi na mbili na uji unapaswa kuwa motoni. Ikinyamaza, alijua ni saa saba mchana na mabinti wake wako njiani kutoka shule. Nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye kibanda cha pampu. Mngurumo ule alishauzoea, kama alivyozoea mkoromo wa mumewe.

Mumewe ndiye alikuwa mwendeshaji wa pampu hiyo. Watu walimwita Bwana Pampu, naye jina alilipenda. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye tabia ya kufuta mikono kwenye shati hata kama mikono ni safi. Kazi alikuwa nayo kwa miaka tisa. Siku alipokabidhiwa ufunguo alifundishwa kwa dakika tano: kitufe cha kijani kuwasha, chekundu kuzima. Hakuna aliyemwambia zaidi ya hapo. Na yeye hakuuliza, kwa sababu alibonyeza na maji yakatoka.

Mtaa mzima ulitegemea kisima hicho kimoja. Kilikuwa kisima kirefu, kilichochimbwa kwa mtambo, kina chake mita mia moja na kumi. Juu yake ilisimama mota, wima, nene kama pipa. Maji yalipanda kutoka chini mpaka kwenye tangi kubwa la chuma. Kutoka kwenye tangi yalishuka kwenda kwenye mabomba ya mtaani, shuleni na kwenye zahanati. Watu waliiona mota na tangi. Kilichokuwa chini ya ardhi hakuna aliyekifikiria.

Nyumbani kwa Mama Pacha walikuwa watano: yeye na mumewe, mabinti wao pacha wa miaka tisa, na mama mkwe. Mama mkwe alikuwa amepooza miguu, mwaka wa tatu sasa. Alioshwa kitandani, alilishwa kitandani, na shuka zake zilifuliwa kila siku, siku nyingine mara mbili. Miguu ilikuwa imekufa lakini ulimi ulikuwa mzima. Mama Pacha alipomsugua kwa haraka, mama mkwe alimwambia, “Taratibu, mwanangu. Hiyo ni miguu, si karoti.” Wote wawili walicheka. Mama Pacha alifiwa na mama yake mzazi akiwa mdogo, na huyu ndiye mama aliyemjua.

Mwaka huo mvua zilikawia. Visima vifupi vya mitaa ya jirani vikakauka, na watu wa huko wakaja na ndoo zao. Foleni ikawa ndefu. Mwenyekiti wa kamati ya maji akaagiza pampu isizimwe saa saba tena, iendelee mpaka jioni. Bwana Pampu akafanya alivyoagizwa.

Mtu wa kwanza kusikia kwamba pampu haiko sawa alikuwa mlinzi. Huyu alikuwa mzee mkimya aliyekaa kwenye kiti mlangoni pa kibanda tangu asubuhi. Alimwambia Bwana Pampu kwamba mashine inasaga meno kila inapowashwa. Siku chache baadaye akarudia: sasa inasaga kwa muda mrefu zaidi kabla ya kutulia.

“Mzee, kazi yako ni kulinda mlango,” Bwana Pampu alimjibu. “Mlango umelalamika?”

Watu wa foleni wakacheka. Mama Pacha naye, aliyekuwa na ndoo mkononi, alicheka.

Kulikuwa na jambo jingine. Chini ya mota, pale fimbo ya chuma inapoingia kwenye bomba, maji yalikuwa yakidondoka tone moja moja na kulowesha sakafu. Mwenyekiti hakupenda sakafu yenye maji. Alisema kibanda kinaonekana kama bafu. Basi Bwana Pampu akachukua spana, akakaza nati mbili pale mpaka tone la mwisho likakatika. Mwenyekiti akamsifu. Ile spana Bwana Pampu akaiacha chini ya kiti cha mlinzi.

Msiba ulianza siku ya kazi, kama saa nne asubuhi. Mama mkwe aliamka tumbo likimsumbua, na shuka zote mbili zikachafuka. Mama Pacha akamvua nguo, akamgeuza ubavu, akatoa shuka na godoro likabaki limelowa. Ndoo za ndani zilikuwa tupu. Akamwambia, “Nivumilie kidogo, Mama, nakuja na maji.” Akamfunika na khanga nyepesi, akatoka mbio.

Alipofika kwenye foleni, umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza. Watu wakaguna. Tangi lilikuwa karibu tupu, kwa hiyo mabomba nayo yakaanza kukohoa hewa. Mama Pacha akapita mbele ya watu, akaingia kibandani kwa mumewe.

Hazikupita dakika mbili, taa ndogo kwenye boksi la swichi ikawaka. Umeme umerudi. Bwana Pampu alikuwa amesimama karibu na kitufe cha kijani lakini hakukibonyeza. Alikuwa akiangalia ile fimbo ya chuma chini ya mota.

“Bado inazunguka,” alisema. “Na inazunguka kinyume. Sijui kwa nini hufanya hivi.”

“Unasubiri nini?” Mama Pacha alimuuliza. “Mama yuko uchi kitandani. Bonyeza.”

Alibonyeza.

Ulitoka mlio mmoja tu, mzito, kama mti mkubwa unaopasuka. Sakafu ikatikisika. Kisha mota ikaendelea kuzunguka, tena kwa wepesi, kama mtu aliyetua mzigo. Walisubiri maji. Hayakuja. Mota ilizunguka bure, na mshale wa geji ya maji ukalala kwenye sifuri. Baada ya muda Bwana Pampu akabonyeza chekundu. Akafuta mikono kwenye shati. Wakaangaliana.

Mama Pacha akaomba nusu ndoo ya maji kwa jirani, akaenda kumwosha mama mkwe.

Mwenyekiti alikuja kabla ya saa sita. Bwana Pampu akamwambia kwamba umeme ulirudi kwa nguvu na pampu ikafa. Mwenyekiti hakuridhika. Akazunguka kibanda akitafuta wa kumlaumu, na chini ya kiti cha mlinzi akaiona spana. Akamuuliza mlinzi ilifika vipi pale. Mlinzi akasema hajui, yeye hajagusa kitu, ila amekuwa akisema siku nyingi kwamba mashine inasaga.

“Kumbe ulijua,” Mwenyekiti alisema. “Ulijua kwa sababu ulikuwa unaichezea.”

Mlinzi akamtazama Bwana Pampu. Bwana Pampu akatazama chini. Mama Pacha alikuwa amerudi, yuko mlangoni. Maneno yalikuwa yamemfika kwenye ulimi, akayameza. Alijiambia kwamba mumewe akimwaga unga, watoto watakula nini, na mama mkwe atanunuliwa dawa na nani. Alijiambia kwamba atasema kesho. Mlinzi akafukuzwa kazi siku hiyo hiyo, mbele ya watu wa foleni. Alikunja koti lake, akaliweka begani, akaondoka bila kumjibu mtu. Kabla wiki haijaisha alikuwa amehama na familia yake, kwa sababu wanawe walikuwa wanaitwa watoto wa mharibifu.

Kesho ile ya kusema haikufika.

Mtaa ukaanza kuishi bila maji. Fundi wa visima virefu alikuwa mmoja kwa eneo lote, na alikuwa na kazi mahali pengine. Siku nyingine lori la maji lilikuja, siku nyingine halikuja. Likija, watu walisukumana mpaka ndoo zikapasuka. Waliokosa walikwenda bwawani, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Mifugo nayo ilinywa humo humo. Maji yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Mama Pacha alijua maji hayo yanapaswa kuchujwa kwa kitambaa safi na kuchemshwa mpaka yatokote. Wiki ya kwanza alichemsha yote. Wiki ya pili mkaa ukapanda bei, akachemsha ya kunywa peke yake. Wiki ya tatu kulikuwa na siku ambayo mkaa uliisha kabisa. Ilikuwa mchana wa jua kali na mama mkwe aliomba maji. Yaliyochemshwa yalikuwa yamekwisha. Ndooni kulikuwa na maji ya bwawa yaliyotulia tangu jana, tope limekaa chini na maji ya juu yakiwa meupe. Mama Pacha akachota kikombe kimoja.

“Matamu,” mama mkwe alisema, akakimaliza.

Usiku akaanza kuharisha. Asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani. Bwana Pampu na Mama Pacha wakaamua wasimpe maji mengi, wakidhani akinywa ndivyo atakavyozidi kuharisha. Hawakujua kwamba walikuwa wanakosea mara ya pili. Siku ya tatu walimbeba kwenye kiti mpaka zahanati. Muuguzi alinawa mikono kwa maji ya kopo, kwa sababu bomba la zahanati nalo lilikuwa kavu. Alimfinya mgonjwa ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama. Akauliza mgonjwa amepewa nini cha kunywa. Wakamwambia.

“Mtu anayeharisha anakauka,” aliwaeleza kwa upole. “Anahitaji kunywa kuliko siku zote. Mnampa ile dawa ya pakiti ya chumvi na sukari, mnaikoroga kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa. Kidogo kidogo, mara nyingi. Na mnamleta siku ile ile.”

Akamtundikia dripu. Mama mkwe hakufanya mzaha tena. Alimshika Mama Pacha kidole kimoja, hakukiachia mpaka alipokufa, jua likiwa bado juu.

Baada ya mazishi Bwana Pampu aliacha kuongea. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, uso kwenye ukuta. Uji ulipoa mbele yake. Mabinti walimletea daftari zao awasaidie hesabu, akawatazama kama watoto wa watu wengine. Siku moja Mama Pacha aliketi karibu naye, akamwambia ni yeye aliyemwambia abonyeze, ni yeye aliyemimina kile kikombe. Bwana Pampu akajibu maneno matatu tu.

“Mkono ulikuwa wangu.”

Fundi alikuja wiki ya saba. Alikuwa mtu mfupi mwenye mvi, na wenzake walimwita Fundi Sikio, kwa sababu aliweka bisibisi ndefu kwenye mashine na mpini wake sikioni, akasikiliza chuma kama daktari anavyosikiliza kifua. Alikuja na wasaidizi wawili na lori lenye winchi. Wakaanza kuitoa pampu kisimani. Mama Pacha alikwenda kuangalia. Nyumbani palikuwa hapakaliki.

Hapo ndipo alipoona kwa mara ya kwanza kitu alichokisikia miaka tisa. Wakaondoa mota. Kisha wakavuta bomba nene, kipande baada ya kipande, kila kipande mita tatu. Ndani ya kila bomba, katikati, ilipita fimbo ya chuma. Fundi aliiita shafti. Mota inaizungusha shafti hiyo kutoka juu, na shafti inashuka urefu wote mpaka chini ndani ya maji, inakwenda kuzungusha mapanga yanayosukuma maji kupanda. Kwa hiyo pampu yenyewe ilikuwa chini kabisa. Ile iliyokuwa ikiunguruma kibandani ilikuwa mota tu.

Siku ya pili, kwenye bomba la kumi na nne, winchi ikasimamishwa. Shafti ilikuwa imekatika. Fundi Sikio akaiinua watu waione. Haikukatika kama kijiti. Ilikuwa imesokotwa kwanza, kama nguo inayokamuliwa, ndipo ikaachana. Mwenyekiti alikuwepo, na kamati yake, na watu wengi wa mtaa. Bwana Pampu hakuwepo.

“Hii iliwashwa ikiwa bado inarudi nyuma,” Fundi Sikio alisema. “Nani aliwasha?”

Mwenyekiti akasema mharibifu alishafukuzwa, alikuwa mlinzi. Fundi akauliza kama mlinzi alikuwa na ufunguo wa boksi la swichi. Mwenyekiti akasema hakuwa nao. 

Mama Pacha alisogea mbele. Akapiga moyo konde.

“Ni sisi,” alisema. “Mume wangu aliona inazunguka kinyume, akataka kusubiri. Mimi nikamwambia abonyeze. Mlinzi hakugusa kitu. Ile spana ni ya mume wangu. Tulijua siku ile ile, tukanyamaza.”

Hakuna aliyemhurumia, wala yeye hakutegemea kuhurumiwa. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alimwambia kwamba wamekunywa matope wiki saba kwa sababu ya mdomo wake. Mwingine akauliza mlinzi atarudishiwaje jina lake. Mmoja akatema mate chini, akaondoka. Mama Pacha alisimama pale pale, akayapokea yote. Kweli imesemwa, lakini kifuani hapakupungua kitu.

Fundi Sikio aliwaacha watu waseme mpaka wakachoka. Kisha akamuuliza Mwenyekiti nani alimfundisha mwendeshaji kazi. Mwenyekiti akamtaja mtu aliyeondoka zamani. Fundi akauliza alifundisha nini. Hakuna aliyejua.

“Basi njooni karibu,” Fundi akasema. “Tutazungumza kwa sauti ndogo. Nimechoka kuzika pampu.”

Akaanza na ule mzunguko wa kinyume. Mota ikizimwa, alisema, bomba limejaa maji yaliyokuwa yanapanda. Hayana tena wa kuyasukuma, kwa hiyo yanaanguka kurudi kisimani. Yakianguka yanapita kwenye mapanga na kuyazungusha kinyume, na shafti nzima inazunguka kinyume pamoja nayo. Ukiwasha wakati huo, mota inavuta mbele kwa juu, maji yanavuta nyuma kwa chini, na shafti iko katikati. Juu ya mota kuna kifaa kidogo cha kuzuia shafti isirudi nyuma. Chao kilikuwa kimelika zamani.

“Tusubiri muda gani?” Mama Pacha aliuliza. Watu wakamgeukia kwa mshangao kwamba bado ana sauti.

“Mpaka shafti isimame yenyewe, uione kwa macho yako. Kisha ongeza muda kidogo. Hapa kwenu, hesabu dakika kumi na tano. Hata kifaa kikiwa kipya, subiri. Maji bado yanashuka.”

Akachukua kipande kingine na kuwaonyesha bushi nyeusi ya mpira iliyoishika shafti katikati ya bomba. Ilikuwa imeungua, imekuwa ngumu kama ngozi ya kiatu cha zamani. Bushi hizo, alisema, hazitumii mafuta. Zinalainishwa na maji yanayopanda. Lakini pampu ikiwa imelala, bomba la juu ni kavu. Ukiwasha hivyo, shafti inasaga mpira mkavu mpaka maji yafike. Ule ndio mlio wa kusaga meno.

“Kwa hiyo mlinzi alisikia kweli,” mtu mmoja alisema kwa sauti ya chini.

“Alisikia vizuri kuliko mafundi wengi,” Fundi akajibu. Akanyoosha kidole kwenye tangi dogo la bluu lililofungwa ukutani mwa kibanda. “Lile la kazi gani?”

Wakamwambia ni la kunawia mikono. Fundi akafumba macho kidogo. Lile tangi, akawaeleza, liliwekwa siku pampu ilipofungwa. Kazi yake ni kumimina maji ndani ya bomba kwa dakika kadhaa kabla ya kuwasha, ili bushi zilowe kwanza. Koki yake ilikuwapo, imejaa kutu. Miaka yote hiyo haikuwahi kufunguliwa.

Na zile nati za sakafu kavu? Mama Pacha ndiye aliyeuliza tena. Fundi akasema pale shafti inapotokea juu kuna kamba laini zinazoizunguka ili maji yasimwagike. Zinahitaji kulowa. Zikikazwa mpaka pasidondoke hata tone, zinaungua na kuila shafti. Matone machache unayoweza kuyahesabu, hayo ni afya. Yakiwa mtiririko, kaza kidogo sana. Yakikatika, legeza. Mwenyekiti aliyeipenda sakafu kavu akawa anatazama viatu vyake.

Mwisho Fundi akashusha kisimani waya mrefu wenye alama za mita, uliolia ulipogusa maji. Akawaambia kwamba kisima nacho kinachoka. Pampu ikifanya kazi, maji ya kisimani hushuka, na yakishuka chini ya mapanga, pampu hunywa hewa na kujiua. Kiangazi wasipitishe saa ambazo kipimo kinaruhusu. Kipimo kichukuliwe kila siku na kuandikwa kwenye daftari.

Vipuri vilichukua wiki tatu nyingine. Mama Pacha alikuwa kibandani kila siku Fundi alipokuwapo. Alishika taa, alipitisha spana, aliuliza. Alijifunza kusikiliza kwa bisibisi. Fundi alipomaliza kuirudisha pampu, kamati ilimuuliza nani akabidhiwe ufunguo, kwa sababu Bwana Pampu alikuwa ametuma neno kwamba hataigusa tena mashine yoyote.

“Kuna mtu mmoja tu hapa aliyeniuliza maswali,” Fundi Sikio alisema. “Mpeni yeye.”

Palizuka ubishi mrefu. Wengine walisema haifai kumpa ufunguo mtu aliyeficha kosa. Mwishowe walimpa, shingo upande, kwa miezi mitatu ya kumtazama.

Kabla ya kuanza kazi, Mama Pacha alipanda basi, akamtafuta mlinzi. Alimkuta kwa nduguye, akisuka kiti cha kamba. Akamweleza yote bila kujitetea, na kwamba kamati imesoma jina lake mbele ya watu na kulisafisha, na kwamba kiti chake kinamsubiri. Mlinzi alimsikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuka.

“Nimefurahi kusikia,” alisema. “Lakini sirudi. Wanangu wameanza kulala usingizi hapa.”

Mama Pacha akasema pole. Mlinzi akamwambia amesikia. Hakumwambia amesamehe.

Hayo yalitokea miaka miwili iliyopita. Pampu haijavunjika tena. Asubuhi Mama Pacha hufungua koki ya tangi la bluu, hungoja maji yalowanishe bushi, ndipo hubonyeza kijani. Sakafu ya kibanda ina unyevu kidogo siku zote. Daftari la kwanza la vipimo limejaa, sasa yuko kwenye la pili. Kiangazi kilichopita kilikuwa kikali kuliko kile, na kamati ikakubali kuzima pampu mchana, ingawa watu walinung'unika. Maji hayakukatika. Muuguzi ananawa kwenye bomba. Wanaofika zahanati kwa kuharisha ni wachache, na wanakuja mapema, kwa sababu Mama Pacha humwambia kila anayechota maji habari za ile dawa ya pakiti. Humwambia pia nani alikufa kwa kukosa kuijua.

Nyumbani kitanda cha mama mkwe kimetolewa, na chumbani mwake sasa wanalala mabinti. Bwana Pampu amepata kibarua cha kupaka rangi. Anaongea sasa, si sana. Jina lake la zamani halipendi tena, na watu wameacha kumwita hivyo.

Kibandani hajaingia tangu siku ile. Ila umeme ukikatika, hata awe juu ya ngazi na brashi mkononi, hushuka, akaja mbio, akasimama nje ya dirisha. Foleni hulalamika, ndoo hugongwagongwa, watu huuliza umeme si umerudi. Yeye hawajibu. Hushika nondo za dirisha kwa mikono miwili, akamuuliza mkewe kama imesimama.

“Bado,” Mama Pacha humwambia.

Naye hubaki pale, hatikisiki, mpaka aambiwe imesimama.